Wa Kumi na Tatu

Mbwa mwitu akizaa kwenye kiwanja chako, kiwanja ni chake mpaka watoto wake wajue kuwinda. Ndiyo sheria, na sisi watu wa Pawaga tumeshaizoea. Wa kwetu alizalia jikoni kwa Bibi Sekinyaga, aliyenilea. Tukahamia hemani, Bibi akagoma, akabaki barazani na kigoda chake.

Siku moja kabla ya harusi yangu nikaenda na afisa wanyamapori kumchukua Bibi.

"Bibi, twende ukanioze. Au umeolewa na mbwa?"

"Afadhali hawa, mke mwenzangu. Wewe hujawahi kuniletea hata utumbo!"

Mara kundi likarudi kutoka mawindoni, madoa meusi na manjano, masikio kama sahani. Wakawatapikia watoto nyama. Kisha jike kubwa akapanda barazani, akainamisha kichwa, akatapika pande jekundu miguuni pa Bibi. Hivyo ndivyo wanavyomlisha mwenzao anayebaki kulinda watoto.

"Asante, mwanangu," Bibi akamwambia.

Afisa akafuta machozi, akafungua kishikwambi chake. Nikachungulia. Kundi lilikuwa na mbwa kumi na wawili. Akaandika kumi na tatu.

"Dada, aliyemo kwenye kundi hahamishwi," akaninong'oneza.

"Na harusi yangu?"

Afisa alipiga magoti mbele ya Bibi kwa heshima zote, akatoa utepe ampime shingo kwa ajili ya mkanda wa redio wa kufuatilia nyendo, wanaofungwa mbwa wote. Bibi, huku akicheka, akainua kidevu.