Kichwa cha Kasuku

Hapo zamani za juzijuzi, Kwera, ndege fundi wa kusuka, alishirikiana na Kasuku mpiga domo: yeye asuke vikapu, mwenzake avinadi mtandaoni.

"Tuandikiane," alisema Kwera.

"Ya nini, mwenzangu? Kichwa changu ndicho mkataba. Neno nikilisikia, nimelishika!"

Kwera akaona haya kumbishia, akaenda kusuka.

Siku ya kwanza, Kasuku akiwa mubashara, Kunguru akapita akitania, "Vikapu bure!"

"Vikapu bure!" akadakia Kasuku.

Wateja wakamiminika, wakavikomba vyote.

"Hatukukubaliana hivyo!" alifoka Kwera.

"Hatukukubaliana hivyo!" alifoka Kasuku.

Kwera alicheka mpaka akaanguka tawini. Kasuku, kwa aibu, akang'oa unyoya wa mkia wake uwe kalamu.

"Andika upesi, mwenzangu, kabla hajapita mwingine."