Ruhusa ya Sekunde Mbili

Sheria ya kazi ni moja: unapumzika pale tu kompyuta inapounganisha vipande vya programu. Zamani ilichukua dakika arobaini, nami nilikimbia nyumbani kumnyonyesha mwanangu. Kisha Tumsifu, tuliyekaa naye meza moja, akabuni kiunganishi kinachomaliza kazi hiyo kwa sekunde mbili. Ofisi nzima ilimpigia makofi. Mimi maziwa yakanikauka.

Leo mimi ndiye msimamizi wa zamu. Tumsifu kanijia, macho mekundu.

“Dada Nyamizi, mama amefariki. Naomba ruhusa nikamzike.”

“Pole sana, kaka. Nenda.”

Nikabonyeza kitufe, programu ikaanza kuunganishwa. Hata mlangoni hajafika, skrini ikaandika: Tayari.

“Rudi ukae,” nikamwambia. “Mazishi yamekwisha.”