Masizi ya Sufuria

Sajenti Lugendo aliingia mtaa wa watu wasiotaka mtawala akiwa amechoka hata kofia inamlemea. Wakubwa wake walikuwa wamemwambia kuwa huko ni fujo tupu, kila mtu na panga lake, na kwamba amlete kiongozi wao kabla jua halijazama.

Alikuta matanga. Watu walikuwa wameketi majamvini, na kabla hajauliza lolote akapewa sahani ya wali. Akala, maana tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni.

“Mkubwa wenu ni nani?” akamuuliza Bi Mwanahawa, aliyekuwa akisugua sufuria za mtaa kwa jivu na kumbi la nazi.

“Hatuna, mwanangu.”

“Basi hamna sheria.”

Bi Mwanahawa akashusha pumzi. Neno hilo alishalijibu mpaka ulimi ukaota sugu. “Sheria ipo. Aliyekula huosha. Sufuria hairudi na masizi.”

“Na anayekataa, nani humwadhibu?”

“Siku akifiwa tunampikia vilevile. Wali huo ndio humshinda kuumeza.”

“Mimi nimetumwa nimlete kiongozi, Bi Mkubwa.”

“Basi tuchukue sote. Lakini sufuria kwanza.”

Ilibaki moja, nyeusi tii, mbele ya miguu ya sajenti. Lugendo akasimama akingoja kuamriwa. Hakuna aliyemwamuru, wala aliyemtazama. Jua likazama. Akavua kofia, akaiweka jamvini, na taratibu akaanza kukunja mikono ya shati la serikali.