Nafasi ya Ukucha

Umande ulikuwa bado mzito mume wangu alipounga reli mbili za treni yake ndogo ya bustanini zikagusana kabisa, bila nafasi hata ya ukucha.

Nikashika mdomo. Huyu ametandika reli za treni kubwa tangu ujana wake. Anajua chuma kikipata jua hutanuka, na reli zisizoachiana nafasi hupinda.

"Mzee wee, uzee huo!" nikamtania.

"Hebu nyamaza, bibie," akaninong'oneza, jicho dirishani.

Nyuma ya pazia alisimama binti yetu. Tangu amzike mumewe hakuwa ametamka neno. Nilimtegea vitendawili vyangu vyote, hakunipa hata mji.

Reli zilizunguka mawaridi, zikimeta kama njia ya konokono. Mzee akaunga nyingine. Nayo akaibana.

Mlango ukalia. Binti akaja peku kwenye majani mabichi, polepole, kama mtu anayetembea usingizini. Akachuchumaa, akajaribu kupenyeza ukucha kwenye kiungo. Haukuingia.

"Baba," akasema, sauti imemkauka, "umezibana mno. Jua likipanda zitapinda."

"Wapi, mwanangu?" akauliza mzee. "Mbona mimi sioni? Hebu nionyeshe."