Umbea wa Kulipia

Siwema aliyafuta matangazo yote ya sabuni kwenye blogu yake ya umbea wa mji, akaweka ada ya uanachama. Jirani yake Mwajabu akacheka mpaka akashika mlango.

"Shoga, nani analipia umbea? Umbea ni wa kubadilishana! Nipe wako nikupe wangu."

Mpaka alasiri sehemu ya maoni, iliyozoea vicheko na matusi, ilikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa. Njaa angeistahimili, upweke ndio uliomtisha. Kisha akaingia mwanachama mmoja, hana picha wala jina, akaandika: "Hodi."

"Karibu, mwenzangu, karibu ndani!" Siwema akajibu, na bila kujijua akavuta kiti cha pili, akakiweka kando yake.