Nyota Mbili za Bi Mgeni

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe nne Machi, wakubwa wa manispaa inayoendesha ukumbi wa nyota walipoamuru nyota za kipimo, zile zinazotumiwa kupimia mwanga wa nyota nyingine, ziingizwe kwenye kompyuta inayochora anga darini. Hakuna aliyekumbuka kufuta za zamani. Mzee Ngwali alipokuja kuitazama nyota aliyoichagua marehemu mkewe, Bi Mgeni, alizikuta mbili, zimebanana kama watu kwenye benchi.

"Shikamoo, mzee. Tulikosea. Moja naifuta sasa hivi," alisema Tatu, fundi wa kompyuta.

"Marahaba. Wakubwa wenu maji ya mjini yamewashinda kugawa, sasa wameparamia nyota."

Tatu alicheka kidogo. "Hii mpya ndiyo sahihi, baba. Mwanga wake umepimwa, na mahali pake pia."

"Mke wangu hakupima kitu. Alikaa kiti hiki, akanyoosha kidole, akasema, nikitangulia utanikuta pale."

Tatu aliondoa mkono kwenye kitufe. Juu yao nyota zote mbili zilikuwa zinawaka.

"Haya, mwanangu," mzee aliuliza, "pale ni ipi?"