Chai ya Msaili

Ujumbe ulisema usaili wa kazi ya kutunza ghala utafanyika saa nne asubuhi, nyumbani kwa mwombaji, kwa video. Shomari alimwambia mkewe, "Leo tuna mgeni." Siwema akachemsha chai ya tangawizi na kutandika kitambaa cheupe mezani. Simu ikaegemezwa kwenye chupa ya chai, na mbele yake kikawekwa kikombe kilichojaa pamoja na vitumbua viwili.

Saa nne kamili sauti ya mashine ilisema kutoka kwenye simu, "Swali la kwanza. Eleza uzoefu wako. Una sekunde sitini."

"Karibu sana," alisema Shomari. "Habari za huko?"

Akangoja. Kwenye kioo cha simu namba za sekunde zilikuwa zikishuka, lakini aliona si adabu kuanza habari za kazi kabla salamu haijaitikiwa. Zilipofika kumi alisema harakaharaka kwamba ameshika funguo za ghala miaka kumi na tisa na hakijapotea hata kipande cha sabuni. Swali la pili lilimkuta bado yuko kwenye sabuni.

Maswali yalikuwa matatu tu. Jibu liliingia chai ikiwa bado inafuka mvuke: "Ndugu mwombaji, tunakushukuru kwa muda wako. Hatutaendelea na maombi yako."

"Mgeni kaondoka?" Siwema aliuliza kutoka jikoni.

"Kaondoka."

"Na chai hakuigusa?"

Shomari alikitazama kikombe. Kisha akakifunika taratibu kwa kisahani, kama inavyofunikwa chai ya mtu aliyetoka nje mara moja.